Siku tano na mjomba: Uru, Arusha, na faili lililobaki kwenye koasta

Nimerudi Dar wiki mbili sasa ndo napata muda wa kuandika. Nilikuwa naandika vitu vifupi kwenye simu na picha ninazo nyingi ingawa nusu yake ni za matofali, mtanielewa mbele. Safari yenyewe ni ya Julai 2024, Alhamisi tarehe 11 mpaka Jumatatu tarehe 15. Nilitumwa na mama nimsindikize mjomba kutoka Uru, kule juu ya Moshi, kwenda Arusha, maana ana miaka 76, goti linamsumbua, na anakataa kabisa kupelekwa na gari ya kukodi kwa sababu "hela hiyo ni mifuko mitatu ya saruji". Mjomba anahesabu dunia nzima kwa mifuko ya saruji.

Kwa msiomjua: ni mtumishi wa serikali mstaafu, kaanza kazi 1974 upande wa ardhi, kwenye ule mradi wa viwanja vyenye huduma. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa kitu kimoja tu, mtu wa kipato cha chini apate pa kujenga. Mimi napanga chumba na sebule Sinza. Kumbukeni hilo.

Alhamisi, Dar mpaka Uru

Basi saa 12 asubuhi stendi ya Magufuli, nauli 45,000. Chalinze, Segera, Korogwe, machungwa, Mombo dakika ishirini za kula, Same, joto, usingizi. Tumeingia Moshi saa kumi na nusu na mlima umejifunika blanketi la mawingu kama kawaida ya Julai, hata kofia yake sikuiona siku zote tano.

Mnaokwenda mwezi huu bebeni sweta la kweli, sio hiki kijisweta cha Dar cha kuvaa ofisini kwenye kiyoyozi. Uru usiku ni baridi ya kung'ata.

Kutoka mjini kuna daladala za Uru, buku tu, halafu bodaboda 3,000 ya kupandisha. Dereva wa boda aliposikia naenda kwa nani akasema "aah kwa mzee wa tofali", akanipeleka mpaka mlangoni, hakuniuliza njia hata mara moja.

Shikamoo mjomba. Marahaba mwanangu, umekula? Aunti (mke wa mjomba) alishaivisha mtori mzito wa kusimamisha kijiko, nikapiga bakuli mbili kabla sijavua hata begi.

Sasa niwaelezee ile nyumba. Iko katikati ya kihamba (shamba la nyumbani la Kichagga), migomba na kahawa pande zote, kuta za tofali za kufungamana zisizopigwa plasta, zimepangwa kwa mstari ulionyooka mpaka unajisikia vibaya kuegemea. Aliianza 1998. Sebule haina dari mpaka leo, ukilala chali unahesabu mbao na misumari. Chumba kimoja dirisha lake ni mbao za boksi la chai. Aunti alinionyesha lile dirisha kama mtu anavyoonyesha kidonda, "mtaalamu wa nyumba huyo mjomba wako, muulize hii fremu inakuja lini". Mjomba akajibu bila kuinua kichwa kwenye kikombe, "nyumba ya mtu wa kawaida haijengwi, inaendelea kujengwa". Aunti akaniangalia tu.

Baada ya chakula ikaja hadithi niliyoisikia tangu mtoto ila sikuwahi kuielewa. Miaka ya sitini, anasema, Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lilikuwa linabomoa vibanda na kujenga nyumba nzima za kukabidhi watu, na zilikuwa nzuri, tatizo ni hesabu. Unajenga mia, huku mjini wameingia elfu. Ndo ukaja mradi ule wa 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Dar, Mwanza na Mbeya. Serikali haikujengei nyumba. Inakupimia kiwanja, inaleta barabara, mfereji na bomba la maji, unakopeshwa kidogo na Benki ya Nyumba (hiyo ilikuja kufungwa 1995), halafu jenga mwenyewe, chumba kimoja mwaka huu, kingine Mungu akipenda. Kiwanja cha mtu wa chini kilikuwa mita 12 kwa 24. Alinichorea kwa mkaa nyuma ya kalenda, nyumba huku, choo kule, nafasi ya mti hapa.

"Sinza yako hiyo ndo tuliipima hivyo," akasema. "Hapo unapokaa kina chake ni mita ngapi?"

Nikamwambia sijawahi kupima. Alishangaa kweli, kama nimemwambia sijui jina la baba mwenye nyumba.

Ijumaa, Uru mpaka Arusha

Tulichofuata Arusha ni viwili. Kuna kikundi cha kinamama Muriet wamenunua mashine ya tofali wakamwomba akawaangalizie udongo, na mwenyewe alitaka aone Makumbusho ya Azimio la Arusha kabla hajafa (maneno yake hayo).

Koasta Moshi-Arusha 4,000. Ushauri: usikubali kupanda ambayo haijajaa hata wakikuapia kwa mama zao kwamba inatoka sasa hivi, sisi tumekaa dakika hamsini tukiuziwa karanga, miwani, dawa ya panya na Biblia, kwa mpangilio huo. Mjomba kavaa koti la suti, kofia ya pama, kapakata faili la kijani lililofungwa kwa kamba ya viatu. Nikauliza ndani kuna nini, akasema "kazi".

Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti. Tulipokaribia Maji ya Chai koasta ikatoa moshi mbele, dereva akashuka, akafungua, akafunga, akasema jamani tushukeni. Jua kali, vumbi, watu wanadai chenji. Ikaja koasta nyingine ya mwenzao tukasukumana kuingia na mimi akili yote iko kwenye goti la mjomba nisije nikamuangusha mlangoni. Mama mmoja mwenye tenga la parachichi alimpisha kiti yeye akasimama mpaka Tengeru, na aliposhuka akamwachia maparachichi mawili mapajani, hakusema kitu zaidi ya "mzee wangu".

Tumeshuka Arusha saa saba mchana. Gesti tumepata maeneo ya Kaloleni 25,000 chumba cha vitanda viwili, maji ya moto yapo ila uombe kabla ya saa mbili usiku. Moja kwa moja Makumbusho, ni pua na mdomo na Mnara wa Mwenge. Kiingilio cha Mtanzania hakifiki hata hela ya chips kavu, nendeni jamani, tunapita pale kila siku tukikimbilia daladala.

Jengo lenyewe dogo kuliko nilivyodhani. Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Arusha mwisho wa Januari 1967, Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na mjomba alikuwa mwanafunzi wa sekondari, waliisikia kwenye redio ya mwalimu, darasa zima dirishani. Ndani alipita picha zote haraka, akasimama kwenye masharti ya uongozi. Lile la kiongozi kutokuwa na nyumba ya kupangisha alilisoma kimoyomoyo, midomo inacheza. Mwongozaji, kijana mpole sana, akamletea kiti.

"Haya yalilegezwa na chama kule Zanzibar 1991," mjomba akamwambia. "Wenzangu wakaanza kujenga za kupangisha. Walikuwa na haki, iliruhusiwa. Mimi nilikuwa nimeshazoea."

Halafu akapapasa pembeni, akapapasa upande wa pili, akaniangalia.

Faili.

Siwezi kuelezea ile sura. Mtu aliyesafiri na koasta iliyokufa bila kulalamika alikaa pale kiti cha kuazima mikono imelala mapajani kama amepokea simu ya msiba. Faili lilibaki juu kwenye keria ya koasta ya kwanza. Sina namba ya gari, tiketi yenyewe kikaratasi kisicho na kitu. Nikakimbia stendi. Nimeuliza mawakala sita, wawili wakanicheka, mmoja akanifungia safari kutembea na mimi kila koasta ya Moshi akigonga mabodi "oya, faili la mzee, la kijani", jua linazama na hataki hela.

Saa kumi na mbili na robo aunti akapiga kutoka Uru. Kuna kijana, konda wa ile koasta ya kwanza, kampigia, kasema ana makaratasi ya mzee. Kumbe aunti, mwanamke mwenye akili, miaka mingi iliyopita aliandika namba yake kwa penseli nyuma ya faili, "namjua mjomba wako, angeweza kusahau hata mimi kwenye gari".

Konda alikuja saa mbili usiku baada ya gari kuvutwa, mafuta mpaka kwenye viwiko. Nikamtolea elfu kumi akakataa, akakubali soda na chapati mbili. Tukakaa kwenye benchi la muuza chai. Akala chapati ya kwanza, akafuta mikono vizuri ndo akamkabidhi, halafu akasema, samahani mzee, nilifungua kutafuta namba nikasoma. Hivi ni kweli ulikataa kiwanja Sinza?

Mimi hilo sikuwahi kulisikia. Miaka yote nasikia "mjomba hakupata". Kumbe mle ndani kuna nakala ya barua ya 1976, taipu ya wino wa bluu imefifia, mjomba anaomba jina lake litolewe kwenye orodha ya waombaji kwa sababu yeye ni mmoja wa wanaokaa mezani kugawa.

Konda anapanga chumba kimoja Unga Limited. Elfu hamsini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, mkewe kajifungua Mei. Hakuuliza kwa dharau. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei ya kitu ambacho hajawahi kukiona.

Mjomba alichukua muda. Akasema pale mezani palikuwa na maombi mengi kuliko viwanja, na kila jina ukiliweka kuna lingine umelitoa. "Nikiweka langu ningetoa la nani? Na kesho akija kuniuliza kwa nini hakupata, ningemtazama vipi?"

"Si ungemtazama tu mzee," konda akasema. "Wenzako wanatutazama."

Muuza chai alicheka mpaka akamwaga sukari. Mjomba na yeye akacheka, kidogo. Kisha akamuuliza konda kile chumba kina upana gani na dirisha linatazama wapi, wakaishia kuchora kwenye mfuniko wa boksi la soda jinsi ya kuhamisha kitanda mtoto asilale kwenye unyevu. Nina picha yake.

Jumamosi, Muriet na Kwa Mrombo

Asubuhi tulipita katikati ya mji kwa miguu, polepole, akinionyesha yale majengo ya zamani yenye mwaka umeandikwa juu kwenye paji. Mengi ya aina ile yalitaifishwa kwa sheria ya 1971, iliyochukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba mpaka 1990 Msajili alipounganishwa na Shirika la Nyumba. Ndo maana wazee bado wanasema "nyumba ya Msajili". Nilimuuliza kama ilikuwa haki. Akasema kuna familia zililia na kuna familia zilipata pa kulala, na yeye anazijua za aina zote mbili, akabadilisha mada akanunua gazeti.

Muriet daladala ni rahisi, ila ukishuka jiandae na vumbi la kuingia mpaka kwenye meno. Kinamama walikuwa kumi na moja, wamefunga kanga viunoni, mashine ya mkono iko chini ya mwembe imepakwa grisi inang'aa, na rundo la udongo mweusi wamelichekecha vizuri sana. Mjomba akachota konzi, akatemea mate, akasugua kwa kidole gumba. Akasema huu hapana.

Kimya. Walikuwa wamechekecha siku mbili.

Akawaambia huu mweusi unanata, ukikauka unapasuka kama kisigino cha kiangazi, tafuteni moramu ule mwekundu. Bahati jirani anachimba shimo la choo, mita mbili chini imeshatoka nyekundu. Wakaleta toroli. Hapa ndo nilimuona mjomba akiwa kazini kwa mara ya kwanza maishani. Kavua koti, kalikunja, kanipa nishike. Wakachanganya na saruji kidogo sana (wengi tunadhani tofali linataka saruji nyingi, hili ndoo moja kwa kama kumi na mbili za udongo), wakanyunyiza maji kwa mkono, sio kumwaga. Akafinyanga donge kama tonge la ugali, akanyoosha mkono usawa wa bega, akaliachia.

Likatawanyika likawa unga. Maji hayatoshi.

Wakaongeza. La pili likatua puu, likabonyea tu kama andazi. Maji yamezidi, changanya na kavu. La tatu lilipasuka vipande vitano. Akaviokota kimoja kimoja akaviweka kiganjani akawazungushia wote waone, "mkipata vinne mpaka sita, pakieni mashine". Mama mmoja mnene mcheshi akarudia mwenyewe, akapata vitano, akapiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Njiro.

Kuvuta ule mkono wa mashine sio mchezo, mimi nimevuta nne nikaomba maji. Tofali linatoka la moto kidogo, kona kali, juu lina kinundu na chini lina shimo, linakaa juu ya mwenzake bila udongo katikati. Halichomwi kwa hiyo hakuna kuni. Unalifunika kivulini na kulimwagilia siku saba, ukiwa na haraka umepoteza. Tofali hizi ndo kitu alichokishika baada ya kustaafu, anasema viwanja vilikuwa nusu ya kwanza ya hesabu na hili ni nusu ya pili. Ila kinamama walipomuuliza kuhusu hati za pale walipojenga, alifungua lile faili akakaa nao saa nzima kwenye mkeka, na hapo ndo nikaelewa kwa nini analibeba: nakala za fomu, michoro, jinsi ya kuandika barua ya maombi ambayo mtu hawezi kujifanya hajaielewa. Nilisinzia, siwezi kuwadanganya.

Mchana walitulipa kwa chakula Kwa Mrombo, nyama choma ya mbuzi na ndizi, kilo 14,000. Mkifika pale chagueni nyama wenyewe kwenye ndoano na msimame kuangalia ikipimwa. Jioni kijana wa mmoja wao alitupeleka na gari yake mpaka Mateves kuona ile Safari City, mji mpya wa Shirika la Nyumba. Mjomba hakuangalia nyumba hata moja. Alitembea katikati ya barabara akihesabu hatua upana, akarudi kwenye gari ameridhika, "barabara imetangulia nyumba. Vizuri." Halafu njiani akauliza mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuhamia pale baada ya miaka mingapi ya mshahara, na hakuna kati yetu aliyejibu.

Jumapili, kurudi Uru

Kinamama walimpa tofali moja la jana kama kumbukumbu. Moja! Nikadhani ataliacha gesti. Kalifunga kwenye kanga yenye maji, kalipakata Arusha mpaka Moshi. Konda (sio yule wetu, ingawa yule alitutafutia viti vya mbele) akauliza mzee hiyo keki? Akasema ndiyo, ya siku saba.

Koasta haikuharibika. Aunti alipokea faili kwanza, tofali pili, mumewe tatu. Usiku nikamuuliza pembeni jikoni kama alijua kuhusu barua ya 1976. Akaendelea kumenya ndizi. "Nilikuwa na mimba ya kwanza," akasema. "Tulikuwa tunakaa chumba kimoja Magomeni, sufuria chini ya kitanda. Alikuja akaniambia kabla hajaipeleka. Nilimwambia peleka." Akamenya nyingine. "Nilikuwa na miaka ishirini na mbili mwanangu. Leo ningeichana."

Jumatatu, Dar

Basi saa 12 na nusu, Himo, usingizi, Segera foleni ya lori lililoanguka saa moja na nusu, Mbezi saa 12 jioni. Safari nzima bila zawadi imenigharimu kama laki mbili na ishirini. Kuna na treni ya Dar-Moshi iliyorudi 2019, polepole ila goti linanyooka, kwa wenye wazee nashauri mwulizie.

Nilipofika Sinza giza limeshaingia. Kabla sijaingia ndani niliweka begi chini, nikaanza getini, hatua moja moja kubwa, nikipita koridoni kwenye milango ya wapangaji wenzangu saba mpaka ukuta wa nyuma. Jirani wa chumba cha tatu akatoa kichwa, dada umepoteza nini?

Nikampigia mjomba. Nikamwambia ishirini na tatu na kidogo.

"Ukuta umekula," akasema. "Mti upo?"

Nikamwambia hakuna mti, pale pamejengwa chumba. Akanyamaza, nikasikia ndoo, nikamsikia aunti kwa mbali anauliza habari ya dari.

"Ngoja kwanza," akaniambia, "sijamwagilia tofali."